Kibali cha ujenzi kisitoke bila gata na tanki la maji ya mvua: mnakubali au mnapinga?

Mwenye mada, Usa River

Habari za jioni, ndugu zangu wa Arusha, Meru na Moshi. Juzi fundi wangu amefunga lenta akaniuliza, "Mama, tunapaua vipi?" Alikuwa na picha kwenye simu: nyumba ya kisasa yenye paa la kuficha, ukuta umepanda juu, bati halionekani. Akasema ndiyo inayotakiwa sasa, Njiro yote wanajenga hivyo. Nikamjibu nataka paa la mgongo wa tembo, gata (mifereji ya kukingia maji ya paa) kila upande unaomwaga maji, na tanki. Alinitazama kama mtu aliyerudi nyuma miaka ishirini.

Mimi nimezaliwa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru. Meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota, na yana vishimo. Nilipopelekwa kusoma Dar nilijifunza kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, na mpaka leo kiganja kinapanda chenyewe. Naomba mnielewe basi kwamba kwangu suala la paa halihusu urembo.

Chanzo cha meno haya tunakijua. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba madini ya floraidi mpaka kwenye mito, chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tulikubali hadi 4, baadaye kiwango cha taifa kikashushwa kufikia hiyo 1.5. Ngarenanyuki na Oldonyosambu yapo maji yanayozidi hapo mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floraidi hubaki, ikawa kali zaidi. Vichujio vya mishumaa tunavyonunua dukani haviitoi. Na meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi mpaka afike kama miaka 8, yaani miaka ileile anayokunywa uji wa nyumbani. Floraidi ikizidi sana huingia mifupani. Kwetu wapo wazee wasioweza kuinama, na watoto ambao miguu imepinda.

Mvua haijapita kwenye mwamba wowote. Inatua juu ya bati zetu masika na vuli, tunaiachia ichimbe uwanja na kuingia kwa jirani.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yangu na kingo zake ni mita 10 kwa 12. Mvua ya milimita 20 usiku mmoja ni lita 2,400. Toa hata sehemu ya tano kwa kumwagika, zinabaki zaidi ya 1,900. Usiku wa namna hiyo mara tatu, tanki la lita 5,000 limejaa. Familia yangu ya watu sita hutumia kama lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika tu. Hiyo ni siku 200. Kiangazi chetu, Juni mpaka Oktoba, ni kama siku 150.

Kwa hiyo natoa hoja: halmashauri zisipitishe ramani ya nyumba ya kuishi ambayo haionyeshi gata, bomba la kushushia na tanki. Bermuda, visiwa visivyo na mito, sheria inamtaka kila mjenzi akinge maji kwa paa lake. Wenzetu wa pwani walijenga mabirika ya kuhifadhi maji karne nyingi kabla ya saruji ya mfuko. Sisi tunashindwa nini?

Fundi paa, Sakina

Mama, shikamoo. Nimepaua nyumba kuanzia Ngaramtoni mpaka Tengeru, na nakupinga kwa sehemu moja tu: usimlaumu fundi. Mteja anakuja na picha. Nikimwambia paa la kuficha lina shida, anakwenda kwa fundi mwingine.

Ila shida ipo, niiseme hapa wazi. Lile paa lina mteremko mdogo, na maji yote yanaelekea kwenye gata ya ndani, nyuma ya ukuta. Oktoba na Novemba mijakaranda inamwaga maua, gata inaziba, na mwenye nyumba haoni kwa sababu kila kitu kimefichwa. Anagundua siku doa linapotokea kwenye dari ya jipsamu sebuleni. Hapo ananiita nipake lami na dawa za kuzuia kuvuja. Sasa nambie, maji yaliyokaa juu ya lami utampa mtoto anywe? Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo.

Na bati lenyewe watu hawaulizi. Wanauliza rangi. Geji, yaani unene wa bati, hawaulizi! Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Namba ikipanda bati linapungua. Ukinunua jembamba ili ubaki na pesa ya vigae vya choo, fundi akilikanyaga linabonyea, maji yanatuama kwenye bonde, kutu inaanza hapo. Kwa maji ya kunywa chukua bati zuri lisilochubuka, mabati ya zamani yaliyopakwa rangi usiyoijua yaache.

Mchangiaji, Kwa Mrombo

Napinga moja kwa moja. Mimi nina vyumba vinne vya kupangisha, nilivijenga kwa miaka saba, tofali kwa tofali. Mnajua watu wangapi huku wanajenga bila kibali kwa sababu mlolongo tayari ni mrefu? Ongezeni sharti la tanki, watakaoliepuka ni walewale wanyonge, na siku ya X nyekundu ya bomoabomoa ukutani watakuwa wao. Mwenye ghorofa Njiro atachora tanki kwenye ramani, atapata muhuri, na tanki halitajengwa.

Halafu serikali imemwaga Sh520 bilioni kwenye mradi wa maji wa Jiji la Arusha. Kazi ya kutupa maji salama ni ya mamlaka, tunalipa bili. Kwa nini mzigo urudi kwa mwenye kiwanja?

Mama wa watoto watatu, Rau, Moshi

Mimi nauliza tu, sisi wa Moshi mmetuingiza kwa nini? Maji yetu yanatoka chemchemi za Kilimanjaro upande wa kusini, ni matamu, wageni wanayasifu. Sharti zuri kwa Meru linakuwa adhabu kwa Rau. Pesa hiyo mimi ningeweka nondo nzuri kwenye msingi, maana huku udongo mweusi wa tambarare unapasua kuta kila kiangazi.

Mchangiaji, Boma Ng'ombe

Dada wa Rau, Kilimanjaro si Moshi mjini peke yake. Shuka huku Hai, nenda Tindigani karibu na uwanja wa ndege wa KIA, uangalie meno na miguu ya watoto. Mkoa ni wako, mlima ni wako, maji siyo yako. Sharti lifuate maji, lisifuate mpaka wa mkoa.

Muuguzi, Arusha

Naunga mkono, lakini niweke tahadhari mbili ambazo mwenye mada amezipita haraka.

Maji ya mvua hayana floraidi, ila si safi kwa kuwa tu yametoka mawinguni. Juu ya bati kuna vumbi la moramu, kinyesi cha ndege, mijusi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi lazima imwagwe. Kwa paa la mita 120 za mraba, nusu milimita ya kwanza ni lita 60, zielekezwe kwenye pipa la pembeni kabla ya tanki. Mdomo wa tanki uwe na wavu, la sivyo mnafuga mbu. Na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Haya ndiyo maji ambayo kuyachemsha kuna maana kamili, kwa sababu adui aliyemo ni kijidudu.

Pili, mtu anakinga mvua, anampa mtoto maji mazuri, halafu anapika makande na magadi ili maharage yaive haraka. Magadi ya kwetu yana floraidi nyingi. Lowekeni maharage usiku kucha, magadi yaacheni. Mtakaosema maji ya mvua hayana madini, ni kweli, ni machache. Kalsiamu mtoto ataipata kwenye maziwa na dagaa.

Mchangiaji, Shanty Town, Moshi

Samahani kwa kutoka kidogo nje ya mada. Nimerithi nyumba ya zamani, paa ni la asbesto, limeota ukoga. Nataka kulisugua na kulipaka rangi, kisha nifunge gata. Inafaa?

Fundi paa, Sakina

Usisugue, kaka. Usitoboe wala usikate. Hatari ya asbesto ni vumbi lake likiingia mapafuni, na ukilisugua ndiyo unaliamsha. Hata mimi nikiitwa kazi ya namna hiyo naikataa. Tafuta watu wa mazingira wenye ujuzi na vifaa walitoe lote, vipande vifungwe, visitupwe jalalani wala kuwekwa banda la kuku. Gata zisubiri paa jipya.

Mwenye mada, Usa River

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Naomba nianze kwa kumjibu aliyeniuma zaidi, ndugu wa Kwa Mrombo.

Umesema kweli kuhusu wanyonge, na hoja yangu ilivyoandikwa mwanzo ingewaumiza. Tanki ni ghali. Lakini angalia kinachogharimu kweli. Tanki unaweza kulinunua mwaka wowote. Paa hulipauki mara mbili. Ukishajenga ukuta kuzunguka bati, ukashusha maji kwa bomba lililozikwa ndani ya nguzo, siku utakayopata pesa ya tanki hutakuwa na mahali pa kulifunga. Ukishaacha kingo fupi bila fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), gata itashika wapi? Ukishamwaga zege la uwanja mpaka ukutani bila kutenga kona, tanki utaliweka juu ya nini? Lita 5,000 ni tani 5, halikai kwenye udongo laini.

Kwa hiyo nabadili. Sharti liwe kwenye umbo la nyumba, tanki lije baadaye. Ramani ionyeshe paa linalomwaga nje, kingo zenye fisha bodi, na kona iliyotengwa kwa kitako cha tanki. Hayo hayamwongezei mjenzi maskini mzigo wa maana. Paa la kawaida la mgongo wa tembo tayari linamwaga nje. Anayeongezewa kazi ni yule anayetaka paa la kuficha. Naye asikatazwe, aonyeshe tu atakavyokinga.

Kuhusu mradi mkubwa, nimefurahi kama wewe, na mamlaka idaiwe maji salama kila siku. Ila bomba halifiki kila kijiji cha Meru, na bomba likikauka watu wanarudi mtoni. Kuna pia wanaochimba visima uani na kuwauzia majirani bila kupima. Hata chujio la mkaa wa mifupa linaloondoa floraidi, teknolojia waliyoishughulikia miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, linafanya kazi vizuri, lakini mkaa huchoka, unataka kubadilishwa, na asiyepima hajui umechoka lini. Gata ukiitazama unaiona imeziba.

Mama wa Rau, nakubali na ndugu wa Boma Ng'ombe: sharti lifuate maji. Kila kata vyanzo vipimwe, majibu yabandikwe ofisi ya mtendaji, na penye zaidi ya 1.5 sharti litumike. Rau mkitaka gata kwa ajili ya kuzuia maji yasichimbe msingi katika huo udongo mweusi, itakuwa hiari yenu.

Mchangiaji, Kwa Mrombo

Hapo kwenye umbo la nyumba nimekuelewa. Bado siamini sharti lolote litasimamiwa sawa kwa mkubwa na mdogo, na mpaka nione ramani ya mkubwa imerudishwa, nabaki upande wa kupinga. Lakini kwenye vyumba vyangu, nguzo za baraza hazijapauliwa. Fundi, gata ya PVC na ya bati nichukue ipi?

Fundi paa, Sakina

PVC haishiki kutu, ila ikipigwa jua miaka mingi inakakamaa, na ukiweka vishikizo vichache inapinda ikijaa maji. Vishikizo visipite nusu mita kati ya kimoja na kingine. Ya bati ni imara, lakini maungio yake ukiyafanyia haraka yanavuja. Kwa vyumba vinne vilivyopangana chukua PVC, mteremko sentimita 1 kwa kila mita 2, bomba la kushushia inchi 3 au zaidi, na kingo za bati zitokeze kidogo tu juu ya gata, zikizidi maji yanairuka. Kusafisha wavu usiwaachie wapangaji. Usafishe mwenyewe kabla ya vuli, na tena mijakaranda ikimwaga.

Mwenye mada, Usa River

Na ukifika kwenye kitako cha tanki, kaka, kiinue mpaka ndoo ipite chini ya koki. Kwangu nilisahau kwenye banda la zamani, tukawa tunachota kwa kikombe.