Hewa iliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktiki: umri wake hujulikanaje?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimesoma kuhusu barafu ya Dome C, kwenye uwanda wa juu wa mashariki mwa Antaktiki, ambako watafiti wa Ulaya walishusha keekee hadi mita 3,270 hivi, wakafikia barafu yenye umri wa miaka 800,000. Linalonitatiza ni umri wa hewa iliyomo katika viputo vyake. Theluji mpya ina matundu na hewa hupenya humo. Tutajuaje kwamba hewa iliyonaswa ni ya wakati ule theluji ilipoanguka?

Jibu la kwanza

Mleta mada, shaka yako ina msingi, kwa sababu kweli hewa hiyo si ya wakati mmoja na barafu inayoizunguka. Dome C hupata theluji haba mno. Ya mwaka mzima ikiyeyushwa haifiki sentimita 3 za maji, kwa hiyo hupita karne nyingi kabla ya uzito wa tabaka za juu kuzishindilia punje hadi matundu yazibe. Kuziba huko hutokea kwenye kina cha mita 100 hivi, na mpaka hapo hewa ya juu huwa bado inashuka. Ndiyo maana hewa ni changa kuliko barafu yake kwa zaidi ya miaka 2,000, na katika zama za barafu pengo lilikuwa kubwa zaidi. Pengo hilo hukadiriwa pia kwa isotopu za naitrojeni, yaani atomi zake zenye uzito tofauti: zile nzito huelekea kuzama, hivyo wingi wake hudokeza unene wa tabaka lenye matundu wakati viputo vilipofungwa.

Jibu la pili

Naongezea ushahidi ambao binafsi ndio ulionitoa wasiwasi. Law Dome, karibu na pwani ya Antaktiki, theluji huanguka kwa wingi, kwa hiyo pengo la umri ni la miongo michache tu. Viputo vya huko vina hewa ya miaka ambayo watu walikwisha kuanza kupima hewa ya ukaa moja kwa moja angani, mwishoni mwa miaka ya 1950, na vipimo hivyo viwili vinalingana. Kwa upande wa maabara, kipande cha mche wa barafu (nguzo ya barafu iliyotolewa kwa keekee) husagwa ndani ya chombo kisicho na hewa, na hewa ya kale ikitoka hupimwa papo hapo. Kwa hewa ya ukaa barafu ya Antaktiki huaminika kuliko ya Greenland, ambayo ina vumbi lenye kaboneti linaloweza kuzalisha gesi hiyo ndani ya barafu kwenyewe.

Mleta mada

Nimeelewa, nashukuru. Lakini kama viputo huzibika polepole, kipande kimoja cha Dome C si kitachanganya hewa ya miaka mingi, na mpando wa ghafla wa hewa ya ukaa ukafichika?

Jibu la kwanza

Hilo ni kweli: mpando wa muda mfupi hupungua makali. Hata hivyo, katika miaka yote 800,000 kiwango kimepanda na kushuka kati ya sehemu 170 na 300 kwa milioni, nacho leo kimepita 420. Sehemu ya hewa ya ukaa iliyoongezeka hubaki angani kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo ongezeko kubwa kama hili lingeacha alama hata katika barafu ya Dome C.