Acheni kutuambia "wananchi waamue" huku mkizitupa kura walizokwisha kupiga

Wanajamvi, nimekaa kimya muda mrefu katika mjadala huu wa ukomo wa mihula ya wabunge, lakini safari hii nimechoka. Kila anayependekeza kwamba mbunge naye, kama rais, awe na idadi ya mihula ambayo akiimaliza anampisha mwingine, hujibiwa kwa maneno yaleyale: wananchi ndio wenye mamlaka, wakimchoka mbunge watamwondoa kwa kura, na kuwawekea kikomo ni kuwapora haki yao. Wapo wanaothubutu hata kusema kwamba sisi tunaotaka ukomo ndio madikteta. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Hoja hiyo ningeiheshimu kama wanaoitoa wangekuwa wa kwanza kuiheshimu. Tazameni yaliyotokea Peru. Tarehe 9 Desemba 2018 wananchi wa nchi hiyo waliulizwa kwa kura ya maoni kama wabunge wazuiwe kugombea tena mfululizo, na zaidi ya asilimia 85 ya kura halali zilikubali wazuiwe. Siku hiyohiyo waliulizwa pia kama Bunge lao lirudi kuwa na mabaraza mawili, nalo wakalikataa kwa wingi mkubwa zaidi. Machi 2024 Bunge la nchi hiyo likakamilisha marekebisho ya katiba yaliyorudisha mabaraza mawili na kuruhusu wabunge kugombea tena. Yaani mambo mawili ambayo wananchi walikuwa wameyatolea uamuzi kwa vinywa vyao wenyewe yaligeuzwa kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyerudi kuwauliza. Najua mtaniambia kwamba katiba yao inaruhusu Bunge kujirekebishia mambo kwa kupiga kura mara mbili kwa wingi maalumu. Inaruhusu, sikatai. Lakini huwezi kuniimbia asubuhi kwamba mwananchi ndiye mwenye neno la mwisho, kisha jioni ukajifungia ukumbini na wenzako mkalifuta neno hilo, nyinyi ambao ndio wanufaika.

Huo ndio udikteta ninaousema mimi. Hauhitaji kifaru wala kutangaza hali ya hatari. Unahitaji tu watu waliokaa kwenye viti hadi wakaamini kwamba viti ni vyao, na kwamba sheria inayowataka waondoke ni tusi kwao binafsi. Mtu wa namna hiyo akisikia neno ukomo hajadili faida na hasara zake. Huuliza nani anamchukia. Na kwa kuwa yeye ndiye mtunga sheria, kesi ya nyani inakwenda kuamuliwa na ngedere.

Uganda walitupa mfano ulio wazi kuliko yote. Desemba 2017 Bunge lilipitisha marekebisho ya katiba yaliyoondoa kikomo cha miaka 75 kwa mgombea urais, na humohumo wabunge wakajiongezea miaka miwili, kutoka mitano hadi saba, ikiwahusu wao wenyewe waliokuwa wamechaguliwa mwaka 2016 kwa mkataba wa miaka mitano. Sikilizeni vizuri: mwajiri amekupa kazi ya miaka mitano, nawe ukiwa kazini unabadilisha barua yako ya ajira ili isomeke saba. Mahakama ya Katiba iliyoketi Mbale ilibatilisha nyongeza hiyo Julai 2018, ingawa kuondolewa kwa kikomo cha umri wa rais kulibaki. Ningependa wale wanaosema "wapiga kura watawaondoa" wanieleze mpiga kura angemwondoaje mtu aliyeusogeza mbele uchaguzi wenyewe.

Ujanja mwingine ni wa kistaarabu zaidi, na kwa maoni yangu unaudhi zaidi. Katika jimbo la Arkansas, Marekani, wananchi walikuwa wameweka ukomo tangu mwaka 1992: miaka sita katika baraza la wawakilishi na minane katika seneti ya jimbo. Mwaka 2014 wabunge wa jimbo hilo waliwapelekea wapiga kura pendekezo lililosheheni mambo ya maadili, likiwemo katazo la kupokea zawadi kutoka kwa washawishi (watu wanaolipwa kuwavuta wabunge upande wao), na ndani yake wakapachika kifungu kinachowaruhusu kukaa hadi miaka 16. Maneno ya kwenye karatasi ya kura yalizungumzia kuweka ukomo wa mihula, kana kwamba haukuwepo na sasa unaletwa. Pendekezo likapita. Hapo wananchi waliulizwa, naam, lakini swali lilikuwa limevalishwa kanzu.

Bolivia ndiko walikofika mbali kupita kiasi. Februari 2016 wananchi walikataa kwa kura ya maoni kumfungulia rais na makamu wake mlango wa kugombea tena. Novemba 2017 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikatamka kwamba ukomo unakiuka haki za kisiasa za mgombea, ikaufuta si kwa rais peke yake bali pia kwa magavana, mameya na wabunge, ambao katiba ya mwaka 2009 iliwaruhusu kurudi mara moja tu mfululizo. Kukaa madarakani bila kikomo kukageuzwa kuwa haki ya binadamu! Ilibidi Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iseme mwaka 2021, ikizungumzia urais, kwamba haki ya namna hiyo haipo.

Sasa, nisionekane nafumbia macho upande wa pili. Mexico ilipiga marufuku wabunge kurudi mfululizo tangu mwaka 1933, na matokeo yake hayakuwa Bunge huru. Kwa kuwa mbunge hakuweza kurudishwa na wapiga kura wake, hatima ya kazi yake ilikuwa mikononi mwa chama kilichogawa vyeo, na kwa miongo mingi chama kilikuwa kimoja. Akawa mtiifu kwa aliye juu, si kwa aliyempigia kura. Ufilipino nako, katiba ya mwaka 1987 inamruhusu mjumbe wa Baraza la Wawakilishi mihula mitatu mfululizo ya miaka mitatu mitatu, na kiti kinapofika kikomo mara nyingi humrithi mke, mtoto au ndugu, kisha mwenyewe hurudi baada ya muhula mmoja. Katiba hiyohiyo inakataza tawala za kifamilia "kama zitakavyofafanuliwa na sheria", na wenye jukumu la kutunga sheria hiyo ya jumla ni walewale wenye familia. Mnashangaa kwa nini haijatungwa?

Kwa hiyo sidai kwamba ukomo ni dawa ya kila ugonjwa. Mbunge mgeni anaweza kuzidiwa akili na washawishi na watendaji wa serikali waliokaa ofisini miaka 30, hilo ni kweli na si dogo. Tukibishana kama iwe miaka 8 au 12, au kama aliyepumzika aruhusiwe kurudi, nitakaa chini na yeyote tuzungumze kwa adabu. Kinachonikera ni kwamba wanaopinga hawaji na hoja hizi. Wanakuja na "wananchi waamue", na wananchi wakishaamua, wao wanatafuta mlango wa nyuma.

Njia ya kuuziba mlango huo inajulikana. Marekebisho ya 27 ya Katiba ya Marekani, yaliyothibitishwa mwaka 1992, yanasema mabadiliko ya malipo ya wabunge hayaanzi kutumika hadi uchaguzi upite katikati. Mantiki hiyohiyo inafaa kabisa kwa mihula, kwamba anayeurefusha asiufaidi. Jimbo la North Dakota, hukohuko Marekani, walikwenda mbali zaidi mwaka 2022: wapiga kura walipoweka ukomo wa miaka minane kwa kila baraza, waliandika humohumo kwamba Bunge la jimbo halina mamlaka ya kupendekeza kuubadilisha, ni wananchi tu.

Anayetaka kunijibu ninamkaribisha, ila asinirudishie wimbo ule. Anieleze kwanza kura ya Peru ya mwaka 2018 ilikosa nini hata isihesabiwe kuwa ni uamuzi wa wananchi.