Watoto kusomea nje ya darasa: ubunifu au kupoteza vipindi?

Wakuu, juzi kikao cha wazazi huku kwetu Kigoma nusura kivunjike. Kisa: mwalimu wa darasa la nne kuwapeleka watoto mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kwa kipindi cha sayansi. Baba mmoja akasimama: "Mtoto namleta asome, dagaa anawaona nyumbani kila siku!" Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Binti yangu alikuwemo. Walikuta mitumbwi imevutwa mchangani, chanja za kuanikia dagaa ziko tupu, wavuvi wanashona nyavu. Mwalimu hakueleza kitu, aliuliza tu: kwa nini jana hawakwenda ziwani? Mmoja akasema mafuta yamepanda, mwingine akasema kuna msiba. Wakabishana weee, mpaka katoto kamoja kakakumbuka kuwa usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa huvuliwa usiku, hufuata taa za wavuvi. Mbalamwezi ikitanda, taa haiwavuti. Jioni binti yangu akazima taa sebuleni, akawasha tochi ya simu, akaanza kupima kwa hatua wadudu wanaifuata toka umbali gani. Hajawahi kunifanyia hivyo kwa zoezi la "taja faida tatu za uvuvi".

Karibuni tubishane.

Mwalimu, Tabora: Mkuu, huna darasa la watoto 120 wewe. Uwiano wa serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, ila tangu elimu bila malipo ianze 2016, kwangu huo ni wimbo. Mmoja akizama utakuja na makofi au na polisi? Na mtihani wa darasa la nne hauulizi mbalamwezi.

Mzazi, Urambo: Mimi hilo neno "nje" linanitia shaka. Sisi tulitolewa nje kweli, tukapalilia tumbaku ya mwalimu, tunaambiwa ndiyo Elimu ya Kujitegemea. Wakati Nyerere kwenye sera hiyo ya mwaka 1967 alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua kazi za shamba la shule, siyo kushika jembe tu.

Mleta mada: Mzazi wa Urambo, hapo umenishika. Mtoto akitoka na jembe bila swali, hicho ni kibarua. Mwalimu, kwa 120 sina jibu, na ziwa nakubali liwe la wakubwa, darasa la tano kwenda juu. Lakini mchikichi ulio nyuma ya choo cha shule hauzamishi mtu. Kuhusu usimamizi, nimependekeza kila watoto kumi wawe na mzazi mmoja. Mimi nimeandikisha Jumatano. Yule baba wa dagaa bado tunamsubiri.