Nyumba ya Mzee Wabwile: Rampu ya Mama

Jumatatu

Nafula, 20:14
Ndugu zangu, habari za jioni. Mama anatoka hospitalini hapo Kisumu siku ya Ijumaa, na daktari amesisitiza kwamba asipandishwe ngazi hata moja mpaka mguu wa kushoto urudiwe na nguvu. Nyumbani Kimilili kuna ngazi tatu za kuingia barazani, kwa Nekesa kuna kile kizingiti kirefu cha mlangoni, halafu kuna gari la Wafula litakalompeleka kliniki kila baada ya wiki mbili. Kwa kuwa atakuwa anatumia kiti cha magurudumu, nimeangalia rampu, yaani njia za mteremko za kupitishia kiti, za alumini zinazokunjwa katikati na kubebwa kwa mpini, nami nimependa moja yenye urefu wa sentimita 244. Naomba kila mmoja atume shilingi 6,000 kabla ya Jumatano saa sita mchana ili niagize.

Nafula, 21:40
Naona ujumbe umesomwa, kwa maana alama zimekuwa za buluu.

Jumanne

Nafula, 06:05
Watu kumi na mmoja wamesoma, na aliyejibu ni Nekesa peke yake, tena kwa kidole gumba. Kidole gumba hakiwezi kumfikisha Mama barazani.

Barasa, 06:31
Umeamkaje, dada? Kabla sijatuma chochote naomba kuuliza jambo moja: rampu hiyo ikiwekwa, tutawazuiaje mbuzi wa Mama? Ninavyowafahamu, siku watakayogundua kwamba kuna njia ya kufika barazani bila kuruka, tutawakuta sebuleni wakitazama taarifa ya habari.

Wafula, 06:48
Yule beberu mweusi hajawahi kuhitaji rampu. Aliingia sebuleni siku ile ya mahari ya Nekesa, na wazee wa pande zote mbili wakashuhudia alichokifanya.

Nekesa, 06:50
Kaka, tafadhali hayo yasirudiwe, kwa kuwa mume wangu yumo humu anasoma.

Nafula, 06:52
Turudi kwenye rampu. Wafula, umetuma?

Otieno (wa Nekesa), 12:20
Shikamooni nyote. Naomba radhi kuingilia mazungumzo ya wenye nyumba, lakini kwa kuwa kazi yangu ni ya ujenzi, ningeona vibaya kunyamaza kisha rampu ifike na isifae. Kabla ya kuchagua urefu, tunapaswa kujua kimo cha mahali tunapopandia. Nilipokuja kuwatembelea mwezi wa Desemba niliona ngazi zile tatu za barazani, nami nakadiria kila moja ina sentimita 15, kwa hiyo jumla ni 45. Kanuni za Marekani za majengo ya umma, ambazo mafundi wengi huzifuata hata nje ya nchi hiyo, hutaka kila sentimita 1 ya kimo ipate sentimita 12 za urefu, na kwa kipimo hicho Mama angehitaji rampu ya mita 5.4, ambayo hakuna atakayeibeba. Kwa rampu za kubebeka, watengenezaji wengi huruhusu 1 kwa 6 ikiwa kiti kina mtu na kuna msaidizi mwenye nguvu nyuma yake, na 1 kwa 4 ikiwa kiti ni kitupu. Ngazi zetu basi zinadai sentimita 270 kwa uchache, na ile ya 244 inapungua. Mtu anaweza kuona kwamba tofauti ni ndogo, lakini atakayekuwa anasukuma atajua ukweli atakapofika katikati akiwa na kilo 82 za Mama na kilo 18 za kiti.

Nafula, 12:41
Ahsante, shemeji, umeeleza vizuri. Hata hivyo sentimita 26 hazifiki hata urefu wa rula, na ile ya 244 ndiyo inayoingia katika gari la Wafula bila kutokeza nje.

Otieno (wa Nekesa), 12:55
Ni kweli, dada, na hapo ndipo ninapoona kwamba tunatafuta chombo kimoja kwa kazi tatu zisizofanana. Kizingiti cha kwetu hapa Migosi nimekipima asubuhi ya leo, nacho ni sentimita 12, kwa hiyo rampu fupi ya sentimita 75 inatosha, na mwenye nyumba hawezi kulalamika kwa kuwa hatutatoboa chochote. Kuhusu gari, naomba tujiulize kwanza kama Mama ataingia akiwa ameketi kwenye kiti chake. Akiketi, kutoka ardhini hadi utosini ni karibu sentimita 128, na sidhani kama mlango wa nyuma wa Noah ya Wafula unafika hapo. Hata kama ungefika, kiti chenye mtu ndani ya gari linalokwenda lazima kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, na mtu mwenyewe awe na mkanda wake wa usalama. Gari halina hata ndoano moja ya kufungia. Njia salama zaidi ni Mama ahamishiwe kiti cha mbele cha gari, kisha kiti chake kikunjwe na kuwekwa nyuma. Kiti cha kilo 18 kinachokunjika hakihitaji rampu ya gari hata kidogo.

Barasa, 13:02
Kwa hiyo tumeokoa fedha. Mkutano ufungwe kwa maombi.

Nafula, 13:03
Barasa!

Wafula, 17:30
Mimi nina pendekezo rahisi. Yuko fundi wa jua kali pale Kondele aliyenitengenezea lango, na anaweza kutuchomelea rampu ya chuma ya urefu wowote kufikia Alhamisi. La sivyo, zipo mbao mbili nzito zilizobaki tulipoezeka upya, ambazo zinaweza kulazwa sambamba, gurudumu hili huku na lile kule.

Otieno (wa Nekesa), 17:52
Kaka, mbao mbili ndizo ninazoziogopa zaidi, kwa sababu magurudumu madogo ya mbele huzunguka yenyewe na yanaweza kutoka ukingoni kabla msukumaji hajatambua. Hata reli mbili za alumini zilizotengenezwa kiwandani huwa na kingo zilizoinuliwa pande zote kwa ajili hiyo. Ama rampu ya chuma, nimepiga hesabu: bamba la unene wa milimita 3, lenye urefu wa sentimita 270 na upana wa 80, lina uzito wa zaidi ya kilo 50 kabla ya kuchomelewa fremu. Alumini ya kiasi hicho ni karibu theluthi ya uzito huo. Fundi wako ni hodari, lakini kitu ambacho Nekesa na Mama wakiwa wawili tu hawawezi kukiinua hakiwezi kuitwa cha kubebeka.

Nekesa, 18:10
Naongeza kwamba tukinunua, uso uwe wenye kukwaruza, usiwe laini. Mvua ya Kimilili sote tunaijua, na alumini laini iliyolowa huteleza. Pia chini ya ncha ya rampu pawekwe bamba la zege, kwa sababu ule udongo ukishiba maji hudidimia, na pembe moja ikizama rampu nzima inapinda. Muuguzi amenifundisha kwamba wakati wa kumshusha, Mama atazame barazani na msaidizi atangulie chini akirudi kinyumenyume, ili asije akaporomoka kwa mbele.

Nafula, 18:15
Haya ndiyo maneno ninayoyataka. Sasa fedha.

Jumatano

Simiyu, 10:47
Poleni kwa kuchelewa kujibu, huku Nairobi kazi zimetubana. Nimesoma yote. Naomba msinunue rampu ndogo kwanza, kwa maana bado nina nia ya kumletea Mama kiti kinachoendeshwa kwa betri, kama nilivyoahidi. Pia nawakumbusha kwamba Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, kwa hiyo hata kanisa letu linapaswa kuondoa ngazi zile za mlango mkubwa.

Nafula, 10:53
Katiba tumeisikia, Simiyu, lakini haina laini ya simu ya kutumia mchango. Kiti hicho kinakuja lini?

Otieno (wa Nekesa), 11:05
Naomba kaka Simiyu atujulishe aina ya kiti, kwa sababu jibu lake linabadilisha kila kitu tulichojadili. Viti vya betri visivyokunjika mara nyingi huzidi kilo 50, na hicho hakiinuliwi kwa mikono hadi ndani ya gari, kwa hiyo hapo ndipo rampu ya gari inapohitajika. Uwezo wa rampu hupimwa kwa mzigo wote ulio juu yake kwa wakati mmoja, yaani mtu, kiti na msaidizi akiikanyaga. Rampu nyingi za kukunja huandikwa uwezo wa pauni 600 au 800, ambazo ni takriban kilo 270 au 360, nazo zingetosha hata kwa kiti cha betri.

Barasa, 11:20
Tungoje kiti cha Simiyu kwa subira ileile tuliyolingojea tangi.

Simiyu, 11:22
Barasa, la tangi lilikwisha.

Barasa, 11:24
Lilikwisha kwako. Mama bado anakinga maji ya mvua kwa sufuria, na tangi tulilolichangia sote linaonekana vizuri kabisa mtu akipita barabarani, ila si kwa Mama linakoonekana.

Wafula, 11:29
Mnalizungumza kwa mafumbo kana kwamba simo humu. Nilieleza mbele ya Baba kwa nini liliwekwa pale, na Baba akakubali. Kama kuna mwenye risiti nyingine, ailete. Na hizo ngazi tatu mnazozilaumu leo nilizijenga kwa fedha zangu, wakati wengine mlikuwa mkituma salamu.

Nafula, 11:31
Jamani, Mama anatoka keshokutwa.

Simiyu, 11:33
Mimi sijamlaumu mtu.

Senge (shangazi) Nasimiyu, 14:08
Wanangu, mimi huandika polepole, kwa hiyo mnivumilie. Nimesomewa maneno yenu yote kuanzia Jumatatu. Ndugu yangu alipoinua nyumba ile alikuwa anakimbia maji, hakujua kwamba wifi yangu ataketi katika kiti. Sitaki kusikia tena habari za tangi katika juma hili. Jambo ninalolisema ni moja: wifi yangu hatabebwa begani kama gunia la mahindi majirani wakitazama. Ataingia nyumbani kwake akiwa ameketi, uso wake ukiwa juu. Mjengeeni njia ya saruji ya kudumu pale barazani, na hiyo ya kukunja iwe ya safari na ya kwa Nekesa. Wafula, wewe ulizijenga ngazi, wewe ndiwe utakayeijenga njia.

Wafula, 14:26
Nimesikia, Senge.

Simiyu, 14:30
Ahsante, Senge.

Barasa, 14:31
Nimesikia, Senge. Naomba radhi.

Nafula, 14:35
Ahsante sana, Senge. Kwa hiyo tumekubaliana: saruji nyumbani, alumini ya safari.

Otieno (wa Nekesa), 15:10
Neno la Senge ni zito, nami siongezi juu yake ila hesabu mbili. Zege humwagiliwa maji kwa siku saba hivi, na hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, kwa hiyo hata likimwagwa leo halitampokea Mama Ijumaa. Jambo la pili ni kwamba mita 5.4 za kutoka barazani kwenda mbele, nikikumbuka vizuri, zinafika kwenye shina la ule mwembe.

Wafula, 15:18
Zinalipita. Mwembe huo aliupanda Baba.

Nekesa, 15:20
Njia inaweza kukunja kona, ikawekwa kipande tambarare katikati cha kugeuzia kiti. Itakula saruji zaidi, lakini mwembe utabaki.

Nafula, 15:22
Senge, tunaomba neno lako kuhusu mwembe.

Nafula, 19:45
Tunapomngoja Senge: naagiza fupi ya sentimita 75 kwa ajili ya Migosi, na badala ya ile ya 244 naagiza ya 305, ambayo hutenganishwa vipande viwili, upana wa 76. Kwa sentimita 45 inatosha. Hadi sasa waliotuma ni Nekesa, mimi, na shemeji Otieno, ambaye hakuombwa. Wengine mnajijua.

Barasa, 20:02
Nimetuma 3,000. Nyingine itafuata mwisho wa mwezi.

Alhamisi

Nafula, 05:58
Simiyu, aina ya kiti? Wafula, ngazi zipimwe kwa futi ya kupimia, tusitegemee makadirio ya Desemba.

Wafula, 13:37
Kijana wa nyumbani amepima ngazi: ni sentimita 51, kwa sababu ile ya chini ni ndefu kuliko nyingine. Mlango wa nyuma wa gari una kimo cha sentimita 117.

Otieno (wa Nekesa), 13:50
Kwa 51 tunahitaji sentimita 306. Ile ya 305 inafaa, lakini kwa shida, kwa hiyo wawepo wanaume wawili.

Nafula, 13:52
Duka linasema ya 305 itafika Jumamosi. Nekesa, Mama anaweza kulala kwako Ijumaa kisha asafiri Jumapili?

Nekesa, 14:15
Anaweza, ila yeye mwenyewe amekwisha kuwaambia wauguzi kwamba Jumamosi atakuwa kwake akilisha kuku.

Simiyu, 21:26
Samahani, nilikuwa mkutanoni. Kiti ni kile kisichokunjika, nadhani. Nitathibitisha.