Vipimo vya MySQL kutoka Tanga kwenda Dar: neti ikikata grafu inabaki na mapengo

fundi_ngamiani:
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na databesi. Nipo Tanga mjini, tuna seva ya MySQL 8 kwenye ghala la jumla huku Ngamiani, mauzo na stoo vyote vinasoma humo, ofisi kuu ipo Dar. Jioni watu wakijaa mfumo unakuwa mzito balaa, keshia anabonyeza risiti anasubiri, foleni inarefuka mpaka nje, halafu nikija kukaa kwenye seva saa mbili usiku nakuta kila kitu shwari. Bosi wa Dar anataka aone hali ya seva muda wote, kwa hiyo nimeandika skripti ya bash, kroni inaiamsha kila dakika, inaita SHOW GLOBAL STATUS (amri ya MySQL inayotoa namba za hali ya seva) inatuma moja kwa moja kwenye databesi ya Dar na Grafana inachora.

Sasa, grafu ya Questions (idadi ya maswali yaliyoulizwa seva) inapanda tu, haishuki hata tukifunga, mpaka umeme ukatike ndo inaanza sifuri. Halafu neti ikikata kipande chote kinapotea, na mara nyingi ndo kile cha jioni ninachokitafuta. Niongeze kasi ya kutuma au nibadilishe njia kabisa? Na huku kuiuliza uliza seva hakuiongezei mzigo?

bint_raskazone:
Pole kaka. Hiyo grafu haina kosa, Questions ni kaunta, inajumlisha tangu MySQL ilipowaka kama mita ya maji, we unachotaka ni kasi: chukua namba ya sasa toa ya dakika iliyopita gawa kwa 60, unapata maswali kwa sekunde. Ukihamia Prometheus (programu ya kukusanya na kutunza vipimo) kuna rate() inafanya hesabu hiyo na inatambua yenyewe kaunta ikirudi sifuri baada ya umeme kukatika, hutaona namba hasi za ajabu.

Ila si zote kaunta. Threads_connected (konekisheni zilizo wazi) na Threads_running (zinazofanya kazi muda huo) ni hali ya pale pale, hizo chora kama zilivyo. Na kwa foleni yako mi ningeanza na Threads_running kabla ya kitu kingine chochote, manake connected inaweza kuwa 40 na running 2, hapo watu wamefungua tu programu wamekaa, lakini running ikipanda ikagoma kushuka ujue kweri (maswali kwa databesi) zinagombania kitu, ni CPU au diski au loki (kufuli za data). Ukishaona hivyo weka pembeni yake kasi ya Innodb_row_lock_waits (mara ambazo kweri zimesubiri loki), halafu linganisha Innodb_buffer_pool_reads na Innodb_buffer_pool_read_requests, ile ya kwanza ni maombi yaliyokosa data kwenye RAM ikabidi yaende diski. Na tafadhali angalia innodb_buffer_pool_size yako (RAM ambayo MySQL inatengewa kushikia data), kama hakuna aliyeigusa tangu MySQL iwekwe ni MB 128 tu, mauzo ya miaka kadhaa hayaenei humo.

Mzigo usikutie hofu, SHOW GLOBAL STATUS ni nyepesi hata ukiita kila sekunde 15. Kinacholemea ni kukusanya takwimu za kila jedwali kwa mkupuo, hizo usiwashe bila sababu.

mwambani_ops:
Dada kamaliza upande wa namba, mi niende kwenye neti manake ndo inakuumiza. Skripti yako inakusanya na kutuma kwa pamoja, kwa hiyo kutuma kukikwama na ulichokusanya kinamwagika. Kuongeza kasi hakusaidii chochote hapo. Kukusanya kufanyike hapo hapo Ngamiani, kiandikwe diski, halafu kutuma iwe kazi nyingine inayoweza kusubiri.

Weka mysqld_exporter (ekspota, programu inayotoa vipimo vya MySQL) kwenye seva, inasikiliza poti 9104, na node_exporter poti 9100 ili uone CPU na diski kwa dakika zile zile, bila hiyo utabaki unabahatisha. Kisha weka vmagent (ajenti ya VictoriaMetrics, databesi ya vipimo) inazisoma zote mbili na kusukuma Dar. Neti ikikata vmagent inapanga data kwenye diski, ikirudi inasukuma yote, we weka tu kikomo cha diski isije ikajaza seva. Kuna na Prometheus ya hali ya ajenti (inakusanya na kusukuma tu), ipo tangu toleo 2.32 la 2021, ila hesabu akiba ya masaa kama mawili, na kwa neti ya huku mi naona haitoshi. Na usikubali Dar ivute yenyewe kutoka huko, utaishia kufungua poti ya seva ya mauzo kwenye rauta na neti ikikata hakuna cha kuvuta.

kijana_pongwe:
Nyongeza kwa mkuu hapo juu, angalia na upande wa kupokea. Kama Dar kuna Prometheus inayopokea pia data za matawi mengine, sampuli zilizochelewa zaidi ya saa moja inazikataa, log zinaandika "out of bounds", na we huku unadhani zimefika. Inabidi wa Dar aweke out_of_order_time_window (muda wa kukubali sampuli zilizochelewa), ipo kuanzia 2.39, aipe hata masaa 24. VictoriaMetrics haina shida hiyo. Na hakikisha saa ya seva inajirekebisha kwa NTP (kusawazisha saa kupitia mtandao), mashine ambayo betri ya bodi imekufa inaamka na tarehe ya ajabu kila umeme ukirudi, vipimo vyote vinakaa siku isiyo yake.

fundi_ngamiani:
Aisee nashukuruni sana, nimecheki buffer pool ni 128 kweli na mashine ina RAM ya GB 16! Swali la mwisho, hiyo ekspota niipe yuza gani? Sasa hivi skripti inatumia root, yuza mwenye ruhusa zote.

bint_raskazone:
Root hapana kaka, paswedi ikivuja mauzo yote yamevuja. Tengeneza yuza wake wa localhost, mpe ruhusa za PROCESS, REPLICATION CLIENT na SELECT basi, na MAX_USER_CONNECTIONS 3 ili siku ikikwama isimalize konekisheni za makeshia, manake max_connections ya kawaida ni 151. Paswedi weka kwenye faili la .my.cnf lenye chmod 600, lisomwe na huyo anayeendesha ekspota peke yake. Poti 9104 isikilize 127.0.0.1 (mashine yenyewe) tu kwa kuwa vmagent ipo mashine hiyo hiyo. Buffer pool unaweza kuipandisha kwa amri ya SET PERSIST bila kuzima MySQL, kama mashine ni ya databesi peke yake GB 10 inavumilika, ila ifanye mkishafunga, na ekspota iwe imeshawaka kabla yake ili uwe na jioni mbili za kulinganisha.