Kanidhalilisha mbele ya baba mkwe, kisa Titanic!

Wakuu, naandika huku natetemeka, mkikuta makosa mnivumilie.

Ni yule jamaa. Msiniulize nani, mnamjua. Yule ambaye kwake hata vitunguu vikipanda bei ni Freemason.

Leo jioni kijiweni nilikuwa naeleza kistaarabu kabisa: Morgan Robertson alitunga riwaya mwaka 1898. Meli inaitwa Titan, inasifiwa kuwa haizami, mwezi wa nne inagonga mwamba wa barafu Atlantiki, boti za kuokolea hazitoshi, watu wanakwisha. Miaka 14 baadaye, Titanic. Mwezi wa nne huohuo!

Jamaa akadakia: "Alionyeshwa na majini." Nikamwambia yule alikuwa baharia, meli aliziona zinavyozidi kurefuka na boti ni zilezile, jini la nini hapo?

Akaweka kikombe chini. Taratibu. Akafuta mdomo. "Na wewe si mwandishi? Hukuona kwenye riwaya yako kwamba leo utakunywa kahawa ya mkopo?"

Mbele ya BABA MKWE! Mzee kacheka mpaka kashata ikamtoka mdomoni. Miaka sita ananiita "mwanangu", leo kaondoka ananiaga "mtabiri". Kahawa ya mkopo! Vikombe viwili tu jamani!

Mchumi wa Buza: Mkuu, Titanic tumeielewa. Kahawa umelipa?

Bi Tausi: Pole zangu nampa baba mkwe. Binti kaolewa na mtunzi.

Chapati Mbili: Na huyo Robertson wako, Titanic ilipozama riwaya ikatolewa upya 1912, meli imeongezwa uzito. Huko ni kudesa majibu mtihani ukishaisha.

Mleta uzi: Barafu na boti vilikuwemo tangu 1898! Halafu uko upande wa nani? Vikombe VIWILI.

Mzee wa Mwavuli: Afadhali huyo. Mimi wa hali ya hewa kaniambia mvua, nimebeba mwavuli wiki nzima, jua linanichoma. Siku nimeuacha nyumbani, nimelowa hadi soksi.

Kijana wa Jero: Mtabiri, tupe mkeka wa Jumamosi basi, utalipa kahawa ya kijiwe kizima.

Chapati Mbili: Usinikumbushe mikeka. Timu 11 zimeingia, moja imenichania dakika ya 90.

Mleta uzi: Jamani, kahawa yangu...

Mchumi wa Buza: Subiri kwanza mkuu. Chapati, timu gani hiyo?