Msamaha wa matibabu: je, mikorosho inamwondolea mgonjwa haki?

Swali (Masasi): Wakubwa shikamooni. Mama yangu, mwenye miaka 63, anaugua saratani ya shingo ya kizazi, na ombi lake la msamaha wa gharama za matibabu limekataliwa kwa sababu barua ya mtendaji wa kijiji inataja ekari mbili za mikorosho, ambayo tangu augue haijapuliziwa dawa hata mara moja. Je, shamba hilo linamfanya awe mwenye uwezo?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na saratani imo miongoni mwa magonjwa sugu yanayosamehewa. Barua ya mtendaji ni ushahidi tu. Anayepima uwezo ni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, hivyo mwombeni alitazame upya ombi la mama.

Jibu (Nachingwea): Naongezea. Barua mpya ieleze kilo za korosho zilizouzwa mnadani msimu uliopita, si ekari pekee. Marehemu baba alisaidiwa hivyo, stakabadhi ya mauzo ya chama cha msingi cha ushirika ikiwa imebanwa nyuma ya barua. Rufaa ya Dar es Salaam ikitolewa, tafuteni nauli mapema, maana msamaha ni wa matibabu tu, si wa nauli.

Muuliza swali: Ahsanteni. Stakabadhi tunayo: kilo 74.